Amitié improbable: maana ya urafiki wa uzeeni katika filamu za Kifaransa

Pitia maelezo mafupi ya filamu za Kifaransa, yale ya kwenye bango au chini ya jina la filamu, na hutakawia kukutana na maneno *amitié improbable*. Mara ni mwanamke wa miaka tisini na dereva wa teksi, mara ni msomi mstaafu na mtu asiyejua kusoma. Wafaransa wameyazoea maneno haya hata hawayasikii tena. Sisi tukiyafasiri haraka tunasema "urafiki usiotarajiwa", yakaishia hapo.

Tafsiri hiyo si mbaya, na mimi nitaitumia, ila inapoteza kitu. "Usiotarajiwa" inatueleza sisi watazamaji, kwamba hatukutegemea. *Improbable* inawaeleza wale wawili wenyewe: ukiwatazama mmoja huku na mwingine kule, hakuna dalili hata moja kwamba watakaa benchi moja. Si kwamba haiwezekani. Ni kwamba ungeambiwa uweke dau, usingeweka hata shilingi mia.

Kiswahili kina neno linaloonyesha ugumu huo vizuri kuliko Kifaransa, nalo ni rika. Urafiki kwa kawaida ni wa rika: mliotiwa jando pamoja, mliosoma darasa moja, mliooana na kuzaa miaka ileile. Uzeeni rika linapungua, kila msiba unaondoka na mmoja. Anayebaki ana watoto, wajukuu, majirani, labda mhudumu wa kumpimia presha, lakini rafiki hana, kwa sababu waliokuwa rafiki zake wako makaburini. Filamu hizi zinaanzia hapo. Zinauliza kama mtu aliyebaki peke yake katika rika lake anaweza kupata rafiki mpya, tena asiyefanana naye kwa lolote.

Mfano ninaoupenda ni *La Tête en friche*, filamu ya mwongozaji Jean Becker iliyotoka mwaka 2010, kutokana na riwaya ya Marie-Sabine Roger. Jina lake lenyewe linahitaji maelezo. *Friche* ni shamba lililoachwa bila kulimwa mpaka likaota magugu. Kwa hiyo ni "kichwa kilichoota magugu", na kichwa hicho ni cha Germain, jibaba la makamo linalochezwa na Gérard Depardieu. Anafanya vibarua, anapanda mboga, anaishi kwenye karavani uani kwa mama yake, na mama huyo hajawahi kumwambia neno zuri. Shuleni mwalimu alimfanya kichekesho mbele ya wenzake, na tangu hapo maandishi yakawa adui. Anapitapita kwenye mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa vitani na kuongeza jina lake mwenyewe chini ya majina yao. Hiyo ndiyo sehemu pekee mjini anapoweza kuandikwa.

Siku moja bustanini anamkuta bibi mwembamba ameketi kwenye benchi, anatazama njiwa. Anaitwa Margueritte, kwa t mbili, ana miaka 95, na anaishi katika makao ya wazee jirani. Inatokea kwamba wote wawili huwahesabu njiwa. Germain amekwenda mbali zaidi: amewapa majina. Mazungumzo yanaanza kwa njiwa, na kwa muda mrefu hayana kingine.

Kisha Margueritte anafungua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti. Ni *La Peste* ya Albert Camus, riwaya ya tauni katika mji wa Oran, Algeria, inayoanza na daktari anayejikwaa kwenye panya aliyekufa ngazini. Germain anasikiliza, na tunaonyeshwa anachokiona kichwani: panya, panya kila mahali. Hapa ndipo filamu inaponasa. Mtu huyu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba ni mjinga ana macho ya ndani makali kuliko wasomaji wengi. Alichokosa ni mtu wa kumsomea bila kumcheka.

Anayemchezea Margueritte ni Gisèle Casadesus, aliyezaliwa Paris mwaka 1914 na kupitia Comédie-Française, jumba kubwa la tamthilia la nchi hiyo. Hakupakwa uzee. Alikuwa mtu wa umri huo kweli, na aliishi mpaka 2017, akiwa na miaka 103. Ndiyo maana anaposogeza ukurasa unaona mkono unaojua kazi hiyo.

Baadaye mambo yanageuka. Macho ya Margueritte yanaanza kufa, na hivi karibuni hataweza kusoma tena. Germain, kwa msaada wa mchumba wake Annette, dereva wa basi, anahangaika na herufi moja baada ya nyingine ili yeye awe msomaji.

Niliitazama nyumbani na shangazi yangu, asiyejua Kifaransa, mimi nikimfasiria. Hakushughulika na njiwa wala Camus. Aliuliza: "Kwani huyu mama hana watu?" Nikamwambia anao, ana mpwa, ndiye anayelipia makao. "Sasa hilo jibaba linafuata nini pale?"

Swali lake ndilo dhana yenyewe. Mpwa ana sababu ya kuwapo: damu. Muuguzi ana sababu: mshahara. Padri ana sababu: kazi ya Mungu. Germain hana. Akiacha kwenda bustanini kesho, hakuna atakayemlaumu, hakuna atakayejua hata. Ukitaka kupima kama urafiki katika filamu unastahili kuitwa *improbable*, usiangalie tu tofauti ya umri au elimu. Angalia kama kuna kitu kingine kinachowafunga. Kikiwapo, ni hadithi nyingine.

Kwa kipimo hicho baadhi ya filamu zinazowekwa kwenye kapu hili zinatoka. *La Vie devant soi* ya 1977, iliyompa Simone Signoret uhusika wa Madame Rosa na kushinda Oscar ya filamu bora ya kigeni, ni ya mwanamke wa Kiyahudi mgonjwa na Momo, mvulana wa Kiarabu. Ni nzuri sana, lakini Rosa alianza kumlea Momo kwa malipo. Huo ni ulezi uliozaa upendo. *Intouchables* ya 2011, iliyouza tiketi zaidi ya milioni 19 Ufaransa pekee, inaanza na mwajiri na mwajiriwa, na si ya uzeeni. Hata hivyo nadhani mafanikio yake ndiyo yaliyowafanya wauzaji wa filamu waone kwamba *improbable* ni neno linalojaza viti.

Kwa nini Ufaransa? Upweke wa wazee uko kila nchi, lakini kule una tarehe. Katika nusu ya kwanza ya Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao ndani ya nyumba. Agosti ni mwezi wa likizo: watoto wako pwani, maduka yamefungwa, jirani hayupo. Tarehe 3 Septemba, katika makaburi ya Thiais nje kidogo ya Paris, ilizikwa miili 57 ambayo hakuna ndugu aliyejitokeza kuichukua, na Rais Jacques Chirac alihudhuria. Mwaka uliofuata serikali ikatunga sheria ya siku moja ya kazi kwa mwaka bila malipo ya ziada, ili fedha zake ziende kwa wazee na walemavu. Mtazamaji wa Kifaransa anapomwona mzee peke yake dirishani katika filamu, hahitaji kuelezwa hofu iliyopo pale.

Filamu ya pili ninayotaka kuisogeza karibu ni *Une belle course* ya Christian Carion, ya mwaka 2022. *Course* ni safari ya teksi, ile inayohesabiwa na mita. Madeleine, miaka 92, anafunga nyumba yake kwa mara ya mwisho na kuita teksi impeleke makao ya wazee, upande wa pili wa Paris. Dereva ni Charles: madeni yamemzonga, leseni iko hatarini, na hana hamu ya maongezi. Bibi anaomba wapitie mahali fulani kwanza, kisha pengine tena. Kila kituo kinafungua kipande cha maisha yake, na si maisha ya bibi wa kadi za sikukuu: kuna mapenzi ya wakati wa vita, mume mkatili, na miaka ya jela. Mwanzoni Charles anasikiliza kwa sababu mita inakwenda.

Wanaoicheza ni Line Renaud na Dany Boon, ambao mwaka 2008 walicheza mama na mwana katika *Bienvenue chez les Ch'tis*. Ukilijua hilo unaona jinsi wanavyojizuia hapa wasiwe mama na mwana.

Jambo dogo linaloifanya iwe hadithi ya urafiki ni nauli. Wanafika makaoni usiku, wameshachelewa, na pesa hailipwi. Inabaki kuwa deni, na deni ni sababu ya kurudi. Mtu yeyote aliyewahi kuacha kwa makusudi bakuli la jirani lisirudishwe mapema ataelewa.

Tofauti na hisani ni muhimu, kwa sababu filamu dhaifu za aina hii zinaikosa. Kwenye hisani mmoja anatoa na mwingine anapokea, na mzee ndiye mpokeaji daima. Kuna shirika la Ufaransa, Petits Frères des Pauvres, lililoanzishwa na Armand Marquiset mwaka 1946 kuwatembelea wazee walio peke yao, ambalo kauli yake ni maua kabla ya mkate. Ni kauli yenye akili: mzee anahitaji kuheshimiwa kabla ya kulishwa. Lakini maua bado yanaletwa. Katika urafiki Margueritte anatoa kitabu na Germain anatoa macho. Hakuna anayeweza kusema nani anamsaidia nani. Filamu ikimfanya mzee awe mwenye hekima tu, anayetoa methali halafu anakufa ili kijana abadilike, mimi huizima.

Kuna kikwazo cha lugha pia, na hiki ni chetu. Kifaransa kina *vous* ya heshima na *tu* ya ukaribu, na watu wawili wanaweza kuwa marafiki miaka mingi wakibaki kwenye *vous*. Heshima inakaa, ujamaa haudaiwi. Kwetu ukishamwamkia bibi "shikamoo" na kumwita bibi, umekuwa mjukuu papo hapo. Kuna raha yake: bibi na mjukuu wana utani wao, bibi atakuita mume wake, utamwambia mambo usiyothubutu kumwambia mama yako. Lakini umeingia kwenye ukoo, na ukoo una zamu, michango na lawama. Shangazi yangu alipofika mwisho wa filamu alikuwa ameshamwita Germain "huyu mwanawe". Kwake hiyo ilikuwa sifa. Kwa filamu ni kinyume: Germain angekuwa mwanawe, tusingeshangaa.

Serikali ya Ufaransa imejaribu kuupa urafiki huu mlango. Sheria ya makazi ya Novemba 2018, iitwayo ELAN, ilitambua rasmi mkataba ambao mtu wa miaka 60 na zaidi anampa kijana wa chini ya miaka 30 chumba nyumbani kwake kwa kodi ndogo. Sheria inataja umri, chumba na malipo. Kama watakunywa kahawa pamoja, haisemi.

Ukitaka kuanza, anza na *La Tête en friche*. Haifiki saa moja na nusu, na kama una Kifaransa cha shule, kile cha Bujumbura au Bukavu au cha kozi ya jioni Nairobi, Margueritte atakufaa: anasoma taratibu, anatamka kila silabi, kwa sababu anayemsikiliza ndiyo kwanza anajifunza kusikiliza kitabu.