Je, wajua usawa wa intaneti nyumbani hupimwa vipi?

Sinia la wali likiwekwa mkekani na watu watano wakalizunguka, anayekula upande wa mwenzake huonekana kwa macho. Wai-fai haionekani. Baada ya Isha, katika nyumba moja ya Chake Chake, bibi anaongea kwa video na mwanawe aliyeko Maskati. Picha inaganda, "Haloo? Haloo?", na mjukuu chumbani anapakua tamthilia bila taabu. Nani kala fungu la nani?

Mwaka 1984, Raj Jain, Dah-Ming Chiu na William Hawe wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, Marekani, walitoa hesabu inayojibu kwa namba moja.

Tuseme nyumba ina watu watano, na laini inaleta megabiti 20 kwa sekunde. Jumla hiyo izidishe kwa yenyewe: 400. Iweke pembeni. Sasa chukua fungu la kila mtu, lizidishe kwa lenyewe, jumlisha majibu yote, kisha zidisha kwa idadi ya watu. Gawa ile 400 kwa jawabu hili. Kila mmoja akipata megabiti 4, utapata 1, usawa kamili. Mjukuu akipata 16 na wanne wakaambulia moja moja, inaporomoka hadi 0.31 hivi. Akichukua zote, ni 0.2.

Ninachokipenda zaidi ni hiki: wanne wakigawana sawa na wa tano akakosa kabisa, jawabu ni 0.8, yaani wanne kati ya watano. Hata asiyependa hesabu anaielewa.

Na mjukuu huenda hana kosa. Itifaki ya TCP, yaani utaratibu wa kusafirisha data unaobeba sehemu kubwa ya intaneti, haitazami watu; hugawa kwa miunganisho, yaani njia ambazo programu hufungua ili kuvuta data. Programu yake ikifungua miunganisho 16 na wenzake wana mmoja mmoja, kila muunganisho hupata takriban megabiti moja. Ni kama mtu kutia mikono 16 kwenye sinia.

Ila namba hii isitegemewe peke yake. Wote watano wakipata robo megabiti, itasema 1, na hakuna aliyeshiba. Wala haijui haja ya mtu: bibi akizungumza kwa sauti tu, sehemu ndogo ya megabiti inamtosha. Kwa hilo wahandisi wana kanuni nyingine: mwenye haja ndogo atimiziwe kwanza, kinachobaki wagawane wengine sawa kwa sawa. Bibi amalize mazungumzo yake na Maskati bila kukatika, na tamthilia iendelee kushuka.