PCOS na sahani ya Kusini: muhogo, mbaazi na kilo chache zinazotosha

Majibu ya altrasaundi huandikwa kwa maneno machache: ovari zote mbili zina vifuko vidogo vingi. Mwanamke akitoka nayo hospitalini, wa kwanza kukutana naye humwambia ni uvimbe, akakatwe. Wa pili humtajia muuza dawa za kusafisha kizazi. Wa tatu humnong'oneza habari za jini mahaba. Vifuko hivyo ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani, na kila kimoja kina upana wa milimita 2 hadi 9 tu. Hapo hakuna cha kukata wala uchafu wa kusafisha. Kilichoyakwamisha mayai ni homoni kuvurugika, na kwa wanawake wengi mvurugiko huo unachochewa na jambo linaloweza kuguswa kuanzia jikoni.

Hali hiyo huitwa PCOS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, polycystic ovary syndrome. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake 10 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanayo. Daktari haitambui kwa altrasaundi peke yake. Mwanamke mtu mzima huhesabiwa kuwa nayo akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi inayopishana sana, yaani mzunguko unaozidi siku 35 au hedhi pungufu ya 8 kwa mwaka, homoni za kiume kuzidi, iwe kwa kipimo cha damu au kwa dalili kama ndevu kidevuni na chunusi sugu, na ovari zenye vifuko vingi. Kabla ya hapo mimba, ugonjwa wa tezi ya shingo na homoni ya maziwa kupanda lazima viondolewe kwenye mashaka. Kwa binti ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, altrasaundi haitumiki kabisa kuamua, maana ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida yake.

Sasa jikoni panaingiaje? Ukila wanga, sukari hupanda kwenye damu na kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo iingie kwenye misuli na ini. Wanawake wengi wenye PCOS miili yao huipokea insulini kwa shida, kwa hiyo kongosho hutoa nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Insulini hiyo ya ziada inafika pia kwenye ovari, na huko inazichochea kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume. Wakati huohuo inalifanya ini lipunguze protini inayoifunga testosteroni, hivyo iliyo huru inaongezeka. Yai linakwama, hedhi inapotea, ndevu zinaota, mafuta yanajikusanya tumboni, na mafuta ya tumboni nayo yanazidi kuufanya mwili uikatae insulini. Weusi laini kama mahameli shingoni na kwapani, ambao wengi huusugua kwa jiwe wakidhani ni uchafu, ni alama ya insulini kuzidi.

Ndiyo maana tunasema wazi kwamba mwanamke mwenye PCOS anayenenepa si mvivu wala mlafi. Mwili wake unavutwa upande huo. Wapo pia wembamba wenye PCOS, na hao hawahitaji kupungua hata kilo moja, ila mpangilio wa chakula unawahusu vilevile.

Kwa mwenye uzito uliozidi, kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kushusha insulini na kuboresha hedhi, hata kama mwili bado unaonekana mnene. Mwenye kilo 84 anatafuta kilo 4 hadi 8, kwa kasi ya takriban nusu kilo kwa wiki. Anayejinyima kwa siku saba akashusha kilo 5 amepoteza zaidi maji na misuli. Misuli ndiyo inayomeza sukari, kwa hiyo akirudi kula, kilo zinarudi na sukari inakosa pa kwenda.

Nusu kilo kwa wiki hupatikana kwa kupunguza kama kalori 500 kwa siku. Kabla hujaugusa ugali, tazama mambo matatu. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vinne vinne vya sukari ni gramu 48, karibu kalori 190. Soda moja ya mililita 350 ni kama kalori 150. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta vilivyomiminwa kwa kukadiria kwenye mboga yako ni kalori 240. Jumla inafika 580. Asali na juisi ya kukamua nyumbani haziponyi hesabu hiyo, maana sukari ni sukari. Punguza chai kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Wanaoacha ghafla wengi hurudia. Mafuta yapime kwa kijiko, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kwa mlo, chupa isimwage juu ya sufuria.

Kisha sahani yenyewe. Hapa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, tatizo kubwa ni kipimo cha muhogo. Unga wa makopa ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kama gramu 2 tu kwa kila gramu 100. Ugali wake ni mzito, unameza bila kutafuna sana, na ukila bonge lenye ukubwa wa vichwa viwili vya mtoto mchanga na kipande kidogo cha samaki, sukari inapanda kwa haraka kisha njaa inarudi mapema. Hatuwaambii watu waache muhogo. Gawa sahani hivi: nusu yake mboga za majani, robo kitoweo au kunde, robo ugali au wali usiozidi ngumi yako mwenyewe. Siku nyingine badilisha muhogo kwa mtama usiokobolewa, ambao una nyuzinyuzi na protini zaidi. Anza kula mboga na kitoweo, ugali umalizie. Mpangilio huo peke yake unapunguza kasi ya sukari kupanda.

Bahati ya Kusini ni mbaazi. Mikoa hii ni miongoni mwa inayolima mbaazi nyingi zaidi nchini, na gramu 100 za mbaazi kavu zina protini zaidi ya gramu 20 na nyuzinyuzi kama gramu 15. Lakini kuna namna ya kuziharibu. Kwa walaji wanne, loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Chukua nazi moja uikune, kisha ikamue mara mbili. Tui zito liweke pembeni kwa wengine wa nyumbani. Wewe pikia tui la pili. Tui zito lina zaidi ya kalori 200 kwa kila mililita 100, na bakuli la mbaazi zilizoogelea ndani yake linaweza kubeba mafuta mengi kuliko wanga uliokuwa unauogopa. Ladha irudishe kwa kitunguu, pilipili, tangawizi na ndimu. Kisamvu nacho ni hivyo hivyo: chagua karanga au nazi, zote mbili kwa wingi kwenye sufuria moja ni kupoteza kazi ya majani.

Asubuhi, geuza mizani. Mazoea ni maandazi manne na mbaazi za kuchovyea. Kula bakuli la mbaazi na andazi moja, au yai la kuchemsha na kipande cha muhogo wa kuchemsha usiokaangwa. Kuruka kifungua kinywa ili "kuokoa" chakula huishia kwa wengi kula sufuria usiku, na mwili huishughulikia sukari vibaya zaidi usiku kuliko asubuhi.

Samaki yupo. Kibua, dagaa na changu wa kuchemsha, wa kuchoma au wa kupaka kwa tui jepesi wanashinda samaki wa kukaanga aliyezama kwenye karai. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kwa mlo.

Msimu wa korosho una mtego wake. Korosho ni chakula kizuri, ina mafuta mazuri na inashibisha, lakini gramu 100 ni zaidi ya kalori 550. Mwanamke anayebangua akiokota zilizovunjika mkono kwa mkono anaweza kumaliza kiasi hicho bila kuona. Hesabu punje 18 hadi 20, ziweke kwenye kikombe, zile zikiwa sehemu ya mlo. Bibo lenyewe kula likiwa zima. Juisi ya mabibo hukusanya sukari ya matunda mengi kwenye glasi moja, na uraka, pombe ya mabibo, huongeza kileo juu yake.

Ramadhani inahitaji maandalizi, kwa sababu futari ya kwetu ina wanga wa aina tano kwenye mkeka mmoja: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, uji wenye sukari, kaimati. Futuru kwa tende mbili na maji, kisha supu ya samaki au bakuli la kunde, na uchague aina moja tu ya wanga kwa kipimo cha ngumi. Daku usiliache, na liwe na kunde au yai ndani yake. Anayetumia metformini, dawa inayousaidia mwili kuipokea insulini, aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, nyakati za dozi zipangwe upya.

Mazoezi yana kazi mbili: kuchoma kalori na kuufundisha mwili kuipokea insulini, na hii ya pili hutokea hata mizani isiposogea. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho lakini unaweza kuongea, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula kunasaidia sana. Wengi hujibu, "Mimi nalima." Jembe ni zoezi zuri, ila palizi ina miezi yake, miezi ya kukaa jaza pengo. Kwa misuli, chuchumaa na kusimama mara 12, pumzika, rudia mara tatu. Kisha nyanyua madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji kwa hesabu hiyohiyo.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, mizani ileile. Kiuno kipime katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya nyonga, baada ya kutoa pumzi, utepe usibane. Kwa mwanamke kikizidi sentimita 80 mafuta ya tumboni yamezidi. Mara nyingi kiuno hupungua kabla ya kilo.

Kipimo cha sukari ni muhimu hata kwa msichana. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana nzuri huku tatizo lipo, ndiyo maana hospitali hutoa gramu 75 za glukosi na kupima tena baada ya saa mbili: chini ya milimoli 7.8 kwa lita ni salama, 7.8 hadi 11.0 ni njiani kuelekea kisukari, 11.1 na kuendelea ni kisukari. Rudia kila mwaka mmoja hadi mitatu kadiri daktari atakavyoona. Metformini, akiiandika, huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu kwa sababu huvuruga tumbo. Imeze pamoja na chakula. Dawa za kusafisha kizazi hazina kipimo kinachojulikana, na miezi inayopotea ukizinywa ndiyo ambayo sukari inapanda kimya kimya.

Nenda kliniki bila kungoja ukikaa siku 90 bila hedhi na huna mimba. Utando wa ndani ya kizazi usiomwagika hunenepa, na ukiachwa miaka unaweza kugeuka saratani. Zipo dawa za kuufanya umwagike. Nenda haraka zaidi kama sauti imekuwa nzito na nywele zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache, kwani hiyo huenda si PCOS.

Na kilo zikianza kushuka, kumbuka kuwa yai hutoka kwanza, hedhi hufuata wiki mbili baadaye. Mwanamke aliyekaa mwaka bila kuona siku zake anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone la damu. Asiyetaka mtoto kwa sasa achague njia ya uzazi wa mpango mapema. Anayemtaka aanze asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kujaribu, na amwonyeshe daktari kila dawa anayotumia.