Si Kasuku: Dhana Potofu Kuhusu Nyimbo za Sikukuu katika Shule za Awali za Kiyahudi

Majuma machache kabla ya Pesach, ile Pasaka ya Kiyahudi, baba mmoja alinisimamisha mlangoni wakati wa kuchukua watoto, akaniambia kwa upole kabisa kwamba binti yake anaimba Kiebrania nyumbani tangu asubuhi hadi anapolala, lakini ni kama kasuku tu, haelewi hata neno moja. Nimefundisha muziki katika shule za awali za Kiyahudi huku Marekani kwa miaka 11, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa walimu wapya, na safari moja kwa mkuu wa shule aliyetaka nyimbo zote za sikukuu zigeuzwe Kiingereza. Nimechoka kuyajibu huku nikifunga zipu za makoti, kwa hiyo nayajibu hapa, pamoja na mengine machache yanayoandamana nayo.

"Anakariri kama kasuku"

Anayesema hivi hudhani kwamba maana ndiyo hutangulia na wimbo hufuata: mtoto aelezwe, aelewe, kisha aimbe. Huenda njia hiyo ikamfaa mtu anayejifunza lugha ukubwani. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 mambo huenda kinyume chake, kwa sababu kinachokaa kwanza ni sauti, kisha mapigo ya silabi, na maana huingia kidogo kidogo katika nafasi ambazo wimbo umekwisha kuzitengeneza. Hivyo ndivyo mtoto huyo alivyojifunza lugha ya mama yake, na hakuna aliyemwita kasuku alipokuwa akimwita "baba" kila mwanamume aliyepita njiani.

Tuchukue Ma Nishtana, yale maswali manne ambayo kwa desturi mtoto mdogo kuliko wote mezani huyaimba katika Seder, mlo wa usiku wa kwanza wa Pesach. Ufunguzi wake ni huu: ma nishtana halaila hazeh mikol haleilot, yaani, usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine wote? Msomaji aliyezoea kusikia habari za Lailatulkadri atakuwa amekwisha kulitambua neno la usiku, kwa kuwa Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. Neno hilo linatajwa mara 10 katika aya hiyo fupi, mara 5 kwa umoja, laila, na mara 5 kwa wingi, leilot, kabla hata hujahesabu marudio ambayo tuni inayojulikana sana huyaongeza. Hakuna mwalimu wa lugha ambaye angethubutu kumrudishia mtoto neno moja mara 10 kwa dakika moja bila mtoto kumkimbia, ilhali wimbo hufanya hivyo na mtoto huomba tena.

Matokeo yake niliyaona kwenye sinki la kunawia mikono. Msichana wa miaka 4, povu limemfika viwikoni, alikuwa akiimba mstari huo peke yake, akafika kwenye leilot, akanyamaza, akanigeukia na kuniuliza kama leilot ni laila nyingi. Hakuna aliyemfundisha wingi wa Kiebrania. Alikuwa amesikia laila tov, usiku mwema, kila mchana mwalimu wake wa darasa anapowafunika mablanketi, na wimbo ukampa lile neno la pili la kulilinganisha nalo. Lugha yake ya nyumbani huongeza herufi moja tu mwishoni, na Kiswahili chetu hakina hata desturi ya kuuweka usiku katika wingi, lakini masikio yake yalikuwa yameisikia tofauti hiyo na kuihifadhi kwa siku nyingi, pengine majuma, kabla akili haijaiulizia.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mapokeo ya Kiyahudi yenyewe yalikwisha kulijibu suala hili zamani. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilika mnamo mwaka 200 hivi, inaeleza katika mlango wa 10 wa kitabu cha Pesachim kwamba kikombe cha pili cha mvinyo kikimiminwa mwana humwuliza baba yake, na mwana akiwa hana ufahamu wa kuuliza, baba yake humfundisha, na hapo ndipo maneno ya Ma Nishtana yanapotajwa. Tazama basi: maswali haya yamewekwa kinywani mwa mtoto ambaye bado hajaelewa, ili kuuliza kwenyewe kumpeleke kwenye kuelewa. Hagada, kitabu kinachosomwa usiku huo, inazungumzia wana wanne, na kuhusu yule asiyejua kuuliza inasema wewe umfungulie. Mzazi anayengoja mtoto aelewe ndipo aimbe anadai kitu ambacho wahenga wake hawakukidai.

Wazazi wa aina hii wana hoja moja ya haki, nami siwezi kuificha. Wapo walimu wanaoimba Kiebrania kwa kukimumunya, wasiojua wenyewe neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi, na ambao hawafungui maana hata siku moja, na katika darasa la namna hiyo mtoto hubaki na mlio mtupu. Lakini kosa hapo ni la mwalimu, na dawa yake haiwezi kuwa tafsiri. Nimeshuhudia maswali hayo yakiimbwa kwa Kiingereza kwenye tuni ileile: mkazo wa tuni uliangukia viunganishi, neno la usiku likamezwa katikati ya mstari, na watoto wakatoka bila Kiebrania na bila wimbo.

Njia yangu ni hii, na ninaishikilia kwa ukaidi. Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inataja siku 30 za kuuliza na kujifunza kabla ya Pesach, na kwa bahati njema kati ya Purimu, sikukuu ya kumbukumbu ya Esta, tarehe 14 ya mwezi wa Adari, na Pesach, tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, daima zipo siku 30 kamili, kwa hiyo siku inayofuata Purimu mimi huanza. Juma la kwanza watoto hawaimbi. Naimba mimi, wimbo mzima, wao wakikanda unga na maji kujifanya wanaoka matzah, mkate usiotiwa chachu, na saa ya jikoni tumeitega dakika 18, kwa sababu huo ndio muda ambao kanuni inatoa tangu maji yaguse unga hadi kuoka. (Kipindi cha muziki cha watoto wa miaka 3 hakipaswi kuzidi dakika 18 hata hivyo, na ningependa watunga ratiba walisome sharti hilo.) Juma la pili nawaachia mwisho wa mstari tu, kulo matzah, na mikono inakumbatia hewa yote kwa neno kulo, "yote". Juma la tatu wanachukua laila hazeh, na mimi nabaki na maneno magumu ya katikati. Ikifika juma la nne wananinyang'anya na hayo. Tafsiri huja kwa mikono, kwa unga, kwa mboga iliyochovywa katika maji ya chumvi, na kwa kujibu lile swali moja ambalo mtoto mmoja ameuliza siku hiyo. Sijawahi kugawa karatasi ya maana.

Kwa sababu hiyohiyo nyimbo za Rosh Hashana, Mwaka Mpya, nazifundisha mwezi wa Juni, kabla ya likizo ndefu. Walimu wenzangu hunicheka tunapoimba habari za tofaa na asali katika joto la kiangazi, lakini shule zikifunguliwa karibu na Septemba, Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda zinafuatana katika muda wa majuma matatu tu, na mwalimu aliyengoja huwa hana tena lolote la kufanya isipokuwa kubonyeza kitufe cha spika.

"Hanuka ni Krismasi ya Wayahudi, kwa hiyo tamasha kubwa liwe hapo"

Hanuka haimo katika Torati. Inakumbuka kuwekwa wakfu upya kwa Hekalu katika siku za Wamakabayo, huanza tarehe 25 Kisleu na kuendelea siku 8, na katika siku hizo kazi haikatazwi. Ni sikukuu ndogo yenye nyimbo nzuri, ambayo imekuzwa na jirani yake wa Desemba. Shule inayotumia miezi miwili kuandaa jukwaa la Hanuka huifikia Sikukuu ya Majuma, siku ya kukumbuka kupewa Torati, ikiwa na wimbo mmoja ulioimbwa nusunusu. Darasa kubwa la muziki katika shule ya Kiyahudi hata si sikukuu ya mwaka, ni Ijumaa: nyimbo zilezile za kuikaribisha Sabato, kila juma, mwaka mzima, bila jukwaa.

"Tuni zao ni za huzuni, tuwachagulie watoto za furaha"

Skeli (mpangilio wa noti) iitwayo Ahava Rabba, ambayo imo katika nyimbo nyingi za Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ni jamaa wa karibu wa Hijaz, skeli ya muziki wa Kiarabu, na mpenzi wa taarab ya Zanzibar ameisikia harusini maisha yake yote bila kulia. Kulinganisha "mainori", skeli ambayo wengi huiona ya majonzi, na huzuni ni mazoea ya masikio ya watu wazima. Watoto wangu hurukaruka kwa nyimbo za Purimu zilizo katika mainori mpaka wanavua viatu.

"Nyimbo hizi zote ni za kale, na Wayahudi wote huziimba vilevile"

Maneno ya Maoz Tzur, unaoimbwa baada ya kuwasha taa za Hanuka, ni ya Zama za Kati, lakini tuni yake maarufu ina asili ya nyimbo za watu wa Ujerumani, na nyimbo nyingi za watoto ni za karne ya 20. Vilevile, ile pia ya kuchezea wakati wa Hanuka ina herufi zinazowakilisha maneno "muujiza mkubwa ulitokea huko", nayo ikiuzwa Israeli neno la mwisho huwa "hapa", na nyimbo hubadilika nayo, sham kuwa po. Huko Mbale, mashariki mwa Uganda, Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huimba zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda kwa tuni walizotunga wenyewe. Mwalimu anayemsahihisha mtoto kwa sababu babu yake Myemeni amemfundisha tuni nyingine anapaswa kunyamaza na kuijifunza.

"Huyu hana sauti"

Mara nyingi mtoto anayo, ila mwalimu ameanza chini mno. Watoto wengi wa umri huu huimba kwa raha kati ya re iliyo juu ya do ya kati na la inayofuata, yaani D hadi A, na mwalimu mchovu wa Ijumaa huanzisha mahali panapolifaa koo lake mwenyewe, ambapo mtoto hawezi kutoa sauti isipokuwa kunguruma. Pandisha wimbo, kisha umpime upya. Na yule asiyefungua kinywa darasani kwa mwezi mzima mara nyingi ndiye anayeimba wimbo wote nyuma ya gari, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote kwenye ripoti mwulize mama yake.

"Gitaa haliruhusiwi kwenye nyimbo za Sabato"

Sabato huanza jua linapotua. Mkusanyiko wa shule hufanyika Ijumaa mchana, kwa hiyo katika shule nyingi, hata za Wayahudi Waorthodoksi, gitaa hupigwa, lakini machweo yakifika wanaoshika Sabato kikamilifu huliweka kando. Kizuizi ambacho walimu wapya hawakijui ni cha siku 49 za Omer, kati ya Pesach na Sikukuu ya Majuma, ambapo jamii nyingi za kimapokeo hujizuia na muziki wa ala kwa sehemu ya kipindi hicho, wengi wao hadi siku ya 33. Desturi zinatofautiana, kwa hiyo mwulize rabi wa shule mapema. Mimi hulifungia gitaa kabatini nikabaki na makofi, magoti na sauti. Mwaka jana, asubuhi ya siku ya 33, nilipofungua kabati nilikuta nyuzi zimelegea, na nilipokuwa ningali nazikaza watoto walichoka kuningoja wakaanza wenyewe. Nilipopata D yangu hatimaye, wao walikuwa palepale.