Foleni Mwanza: tatizo ni upana wa barabara tu?

Wengi Mwanza wanaamini foleni ya Kenyatta Road na Nyerere Road ipo kwasababu barabara ni nyembamba, zikiongezwa leni basi kwisha habari. Inaeleweka kabisa, ukiwa umebanwa kwenye daladala pale Mabatini unachokiona ni barabara tu.

Leni mpya zinasaidia kwa muda, afu kwenye mji unaokua zinajaa tena. Kinachosahaulika ni mitaa ya nyuma. Mji unatanuka kwenda Buhongwa, Igoma mpaka Kisesa, watu wananunua viwanja wanajenga, njia inabaki kichochoro kinachoishia kwenye ukuta wa mtu, matokeo yake hata anayepeleka mtoto shule mtaa wa pili inabidi bodaboda ishuke mpaka barabara kuu, isogee mbele kidogo, alafu ipande tena. Kasafari kadogo kama hako nako kanaingia kwenye foleni. Ni kweli mawe na milima vinabana (na ziwa halihami), ila sio kila njia iliyokufa imezibwa na jiwe, nyingine ni uzio tu.

Ukitaka kucheki mwenyewe fungua ramani kwenye simu, chagua nyumba mbili za karibu, pima umbali wa kunyoosha kisha wa kupita njiani. Ikiwa mita 300 zinageuka kilomita moja na nusu, hapo mitaa haijaungana. Cheki hivyo kabla hujalipia kiwanja, maana nyumba zikishasimama kufungua njia ni fidia na kesi.