Masi mbaya: maana yake, na namna inavyovuruga dashibodi ya pikapu iliyofanyiwa mabadiliko

Masi ni njia ambayo umeme wa gari hupitia kurudi kwenye betri baada ya kufanya kazi yake. Umeme hutoka kwenye ncha chanya, hupita kwenye fyuzi na swichi, huwasha taa au huzungusha feni, kisha sharti urudi kwenye ncha hasi. Usipopata pa kurudia, hakuna kitakachowaka hata kama betri imejaa na fyuzi zote ni nzima. Karibu gari zote za leo hazina waya wa kurudia kwa kila kifaa. Watengenezaji hutumia bati la bodi, chasisi na bloku ya injini kuwa njia moja kubwa ya pamoja, na ncha hasi ya betri hufungwa kwenye vyuma hivyo kwa nyaya nene. Njia hiyo yote, kuanzia kifaa mpaka ncha hasi, ndiyo mafundi wa hapa Lubumbashi, Kongo, wanayoiita masi, na ndiyo wenzao wa Dar es Salaam wanayoiita ethi.

Masi mbaya ni hali ambayo njia hiyo ipo lakini imebanwa. Kinachoibana chaweza kuwa kutu, rangi iliyobaki chini ya bolti, vumbi lililoshikana na unyevu, nati iliyolegea, au waya ambao nyuzi zake nyingi zimekatika ndani ya ngozi isiyoonyesha dalili yoyote. Inafaa kuitenganisha na masi iliyokatika kabisa. Iliyokatika huzima kifaa moja kwa moja, na fundi huipata upesi. Masi mbaya huendelea kupitisha umeme: kidogo asubuhi, zaidi mchana, vizuri kabisa gari likiwa limesimama na vibaya likiwa kwenye mashimo. Kwa maoni yangu hakuna hitilafu nyingine ya dashibodi inayowagharimu wenye pikapu fedha nyingi bure kama hii, kwa sababu vipuri vizima hutolewa na kutupwa ilhali ugonjwa umebaki kwenye bolti moja nyuma ya bati.

Kinachotokea kwenye kiungo kilichobanwa kinaelezwa na kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti (msukumo wa umeme) zinazopotea mahali fulani ni ampea (wingi wa umeme) zinazopita hapo zikizidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo, yaani kiasi ambacho mahali hapo panauzuia umeme, kinachopimwa kwa omu. Tuchukue kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu. Taa ndogo za dashibodi zinazovuta nusu ampea zitapoteza hapo volti 0.05, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Dereva akiwasha feni ya hewa inayovuta ampea 15 kupitia kiungo hichohicho, volti 1.5 zinapotea kwa mara moja, taa zinafifia, redio inakatika na mishale ya vipimo inahama. Dereva atasema feni imeharibu dashibodi, na fundi asiye makini ataifungua feni, ingawa feni haina kosa lolote. Wakati huohuo kiungo kile kinageuza takribani wati 22 kuwa joto, na joto hilo likikusanyika mahali padogo linatosha kulainisha plastiki ya soketi na kuunguza ngozi ya waya.

Fyuzi haizuii jambo hili. Kazi yake ni kukatika pale umeme unapopita kwa wingi kupita kiasi, na masi mbaya hufanya kinyume chake, kwa kuwa ukinzani ulioongezeka njiani kwa kawaida hupunguza mkondo, yaani ampea zinazopita. Kwa hiyo mtu anayebadilisha fyuzi nzima kwa nyingine nzima hapati kitu, na yule anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameondoa kinga ya waya bila kuigusa hitilafu. Naomba desturi hiyo iachwe kabisa, kwa sababu siku ambayo waya utagusa bati kweli, hakutakuwa na kitu cha kuukata umeme kabla ya moto.

Dalili inayowashangaza watu kuliko zote ni kifaa kimoja kufanya kazi kupitia kingine. Maji ya mvua yaliyozibiwa mfereji hupitia uani kwa jirani, na umeme uliobanwa kwenye masi hufanya vivyo hivyo: hutafuta bati kupitia waya wa taa nyingine, kihisi (kifaa kinachopeleka habari za joto au mafuta kwenye dashibodi) au kifaa kilichozimwa. Ndiyo sababu mshale wa mafuta hucheza kwa mpigo uleule wa indiketa, au taa ya onyo huwaka kwa mwanga hafifu mguu unapokanyaga breki. Redio yenye masi mbaya yaweza kurudisha umeme wake kupitia ganda la waya wa antena, ikapiga kelele zinazopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Na pale waya mnene unaounganisha injini na bodi unapokatika, umeme wa starta, ambao ni mamia ya ampea, waweza kupita kwenye kebo ya akseleta au kebo nyingine ya chuma iliyo kati ya injini na kabini. Kebo hiyo hupata joto, ganda lake huyeyuka, na mara nyingine hukwama. Mtu aliyebadilisha kebo ya akseleta iliyoungua bila sababu ya kueleweka na aukague waya huo kabla ya kununua kebo nyingine.

Vipimo vya mafuta na joto vinastahili maneno ya ziada, maana hapo masi mbaya husema uongo unaoaminika. Kipimo cha kawaida cha joto hutegemea kihisi kilichofungwa kwenye injini, ambacho ukinzani wake hupungua injini inavyozidi kupata moto. Masi ya injini ikiwa mbaya, ukinzani wa kutu hujumlishwa na ule wa kihisi, na dashibodi huonyesha injini yenye ubaridi kuliko ilivyo. Dereva anayepandisha mzigo kwenye barabara ya kuelekea Likasi ataona mshale umetulia chini ilhali maji yanachemka. Kwa mafuta, kwenye Toyota nyingi ukinzani wa kihisi cha tangi huwa mdogo tangi likijaa, hivyo kutu kwenye masi ya tangi huonyesha mafuta machache kuliko yaliyomo. Mshale mmoja ukikosea, chunguza kihisi chake na masi yake kwanza; mishale miwili ikihama pamoja, usipoteze muda kwenye vihisi, bali nenda kwenye masi ya dashibodi yenyewe na kwenye waya unaoipelekea umeme.

Pikapu iliyofanyiwa mabadiliko huugua zaidi kuliko ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, na sababu zake si za siri. Gari nyingi za mitumba zinazoingia Katanga, eneo letu la Lubumbashi, kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani ukiwa kulia. Hapa Kongo tunaendesha upande wa kulia, na baadhi ya wenye magari huhamisha usukani kwenda kushoto. Kazi hiyo huhamisha dashibodi nzima: waya hukatwa, huongezwa urefu na kuunganishwa upya chini ya bati. Urefu wenyewe hauna madhara makubwa, kwa kuwa mita moja ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa omu 0.017 hivi, na ampea 10 zikipita zitapoteza pungufu ya volti 0.2. Hatari iko kwenye kiungo, yaani waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe. Mtikisiko hukilegeza, vumbi jekundu la kiangazi huingia, mvua za kuanzia Novemba hulilowesha, na baada ya misimu michache kiungo kinakuwa kinzani. Kiungo cha kudumu hubanwa kwa chombo chake au huchomelewa kwa risasi, kisha hufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto.

Aina ya waya nayo ina uzito wake. Madukani kuna waya za bei nafuu ambazo ni alumini iliyopakwa shaba juu, na alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, tena hukatika upesi inapokunjwakunjwa. Kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, usiitumie kwa masi. Eneo linalochimba shaba kama Katanga halina haja ya kufunga magari yake kwa alumini.

Kisha kuna dashibodi yenyewe. Ya kiwandani huwa na mhimili wa chuma nyuma ya plastiki, na vifaa kadhaa hupata masi kwa kufungwa tu kwenye mhimili huo. Fundi anapotengeneza dashibodi mpya ya mbao au ya nyuzi za kioo, vifaa hivyo hupoteza masi bila mtu yeyote kukata waya. Wengi hutatua tatizo hilo kwa kuunga waya za masi kifaa kwa kifaa, kama mnyororo, na kuumalizia mnyororo kwenye skrubu ya bati iliyo karibu. Mpangilio huo ndio unaozaa fujo nilizozieleza, kwa sababu mkondo wa feni, wa redio yenye amplifaya na wa taa za ziada hupita wote kwenye waya wa kipimo cha mafuta. Ulio bora ni kuweka kipande kimoja cha shaba au shaba nyeupe nyuma ya dashibodi, kila kifaa kikiwa na waya wake mpaka hapo, na kutoka hapo waya mnene, wa milimita 10 za mraba au zaidi kulingana na mzigo, ukienda kwenye bati lililokwanguliwa vizuri. Winchi, inveta na amplifaya kubwa zisiguse kipande hicho. Zirudishwe moja kwa moja upande wa betri kwa nyaya zake. Nazo masi za kompyuta ya injini, kwenye gari zilizo nayo, ziachwe peke yake pale kiwanda kilipoziweka.

Kuipima masi ni rahisi, ila hufanywa vibaya mara nyingi. Kosa lililoenea ni kuzima kila kitu, kuweka multimeta, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye omu na kuridhika ikionyesha karibu na sifuri. Multimeta hupitisha mkondo mdogo mno, na waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonekana mzima, ilhali hauwezi kubeba ampea 15. Masi hupimwa ikiwa kazini. Weka multimeta kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), washa taa, feni na kila kinacholeta malalamiko, kisha gusisha ncha nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, wala si kwenye kishikizo cha waya kinachoibana, na ncha nyekundu kwenye waya wa masi wa kifaa. Kwenye dashibodi natafuta volti 0.1 au pungufu, ikifika 0.3 au zaidi, njia imebanwa. Ukikuta volti karibu 12, masi imekatika. Baada ya hapo sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri: kipande cha shaba, kichwa cha waya, bolti, bati, kishikizo, nguzo. Namba itashuka ghafla mahali fulani, na ubovu uko kati ya mahali hapo na pale ulipopima mwisho. Masi ya injini hupimwa hivyohivyo, ncha nyekundu ikiwa kwenye bloku, huku mwenzako akipiga starta. Hapo volti 0.2 au 0.3 si jambo la kutisha, lakini volti moja ni nyingi mno. Asiye na multimeta aweza kuunganisha kwa muda waya mnene kutoka ncha hasi ya betri mpaka masi ya dashibodi, na fujo zikikoma papo hapo, amejua upande wa kutafuta.

Ukarabati wenyewe ni mfupi: fungua bolti, kwangua bati kwa msasa mpaka ling'ae, safisha kichwa cha waya, weka washa (pete ya chuma ya chini ya bolti) yenye meno, kaza, ndipo upake grisi au rangi juu yake kuzuia unyevu. Rangi huja baada ya kukaza. Pima tena kwa mzigo uleule uliotumia mwanzo, na andika namba hiyo ili uilinganishe baada ya msimu wa mvua.

Pikapu ikipelekwa kuchomelewa kizuizi cha mbele au fremu ya nyuma, betri ifunguliwe kwanza ncha zote mbili, na kibano cha mashine ya kuchomelea kishikwe kwenye chuma kilekile kinachochomelewa, karibu na moto. Kikishikwa mbali, mkondo wa mashine nao hutafuta masi, na waya nyembamba za dashibodi zaweza kuwa njia yake.