Taa ya mafuta inawaka na tanki lina mafuta? Chomoa soketi kabla hujanunua pampu

Magari mengi yanayoletwa kwangu kwa shida ya taa ya mafuta yanafika yakiwa yameshamla mwenyewe hela. Kabadilishiwa dashibodi nzima ya mtumba, au kauziwa pampu mpya kwa maelezo kwamba "vinakuja pamoja", na taa bado iko pale pale inamwangalia. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, na ninachotaka kueleza leo ni kifupi: kosa la taa hii linakaa sehemu tatu tu, ndani ya tanki, kwenye waya, au kwenye dashibodi, na kujua ni wapi hakuhitaji kununua spea hata moja.

Kwanza hakikisha taa haisemi kweli. Hapa mjini mafuta hatununui kwa lita, tunanunua kwa noti. "Weka ya elfu kumi", unazunguka Kijenge, Njiro, foleni ya Sakina, kesho tena ya elfu kumi. Gari la hivyo linaishi chini ya robo tanki mwaka mzima. Wengine mwisho wa mwezi wanajibana kabisa wakisubiri EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, watangaze bei kikomo Jumatano ya kwanza, kama vile bei lazima ishuke. Taa ikiwaka kwenye gari hilo haina ugonjwa, inafanya kazi yake.

Kwa magari madogo mengi huwaka zikiwa zimebaki lita tano hadi nane hivi. Ya kwako unaweza kuijua mwenyewe: ikiwaka, ingia sheli ya karibu, jaza mpaka mkono wa pampu ujikate, kisha toa lita ulizowekewa kwenye ujazo wa tanki. Toyota IST ya kwanza ina tanki la lita 45. Zikiingia 38, ujue taa ilikuachia kama saba. Ukishaijua namba hiyo hutaniuliza tena kama unaweza kufika Moshi na taa inawaka. Ni kilomita 80 na kitu, piga hesabu na ulaji wa gari lako, uache na akiba.

Kuna la mlima pia. Unatoka Sanawari kupanda Ilboru, au unaiacha Mto wa Mbu kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Karatu, taa inawaka. Barabara ikilala, inazima. Petroli imehamia nyuma ya tanki, basi. Mengine huwaka yakishuka, kutegemea kipimo kimewekwa upande gani. Hilo halina fundi, ila ni dalili kwamba kilichobaki ni kidogo.

Sasa tuseme umejaza nusu tanki na taa bado inawaka. Hapo tuanze kazi.

Ndani ya tanki kuna kifaa tunachokiita floti. Kina boya kwenye mkono mwembamba wa chuma, kama lile la tanki la maji la chooni, linalopanda na kushuka na mafuta. Upande wa pili wa mkono kuna vidole vidogo vya shaba vinavyoteleza juu ya kibao chenye ukinzani, yaani kinachobana umeme usipite kirahisi; kipimo chake ni omu. Boya likipanda ukinzani unapungua, likishuka unaongezeka. Toyota za zamani hucheza kati ya omu 3 hivi tanki likijaa na 110 likiwa tupu. Nyingi za baadaye ni kama omu 15 kwa kujaa na zaidi ya 400 kwa tupu. Namba zinatofautiana, ila kwa Toyota na Nissan nyingi mwelekeo ni huo huo: ukinzani mkubwa maana yake tanki tupu. Shika sana hapo, maana ndipo uchunguzi wote unaposimamia. Waya uliokatika ni ukinzani mkubwa kuliko wote. Kutu kwenye soketi ni ukinzani. Bodi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, isiposhika vizuri ni ukinzani. Dashibodi haijui tofauti, yenyewe inaona tupu, inawasha taa.

Taa yenyewe ina aina mbili, na ukiangalia mshale wa geji ya mafuta utajua yako ni ipi. Magari ya zamani yana kipande kidogo kilichofungwa chini kwenye floti, na kina waya wake peke yake. Kikiwa kimezama, mafuta yanakipoza na kinabana umeme. Mafuta yakishuka kikabaki hewani, kinapata joto, ukinzani wake unaanguka, umeme unapita na taa inawaka. Kwa hiyo kwenye gari la hivyo mshale unaweza kusoma nusu sawasawa na taa ikawaka, kwa sababu ni njia mbili tofauti. Kosa liko kwenye kile kipande au waya wake, ukigusa kitu kingine unajichosha bure. Magari ya baadaye hayana kipande hicho. Dashibodi inasoma floti moja, kisha yenyewe ndiyo inaamua kuwasha taa. Hapo mshale na taa hudanganya pamoja.

Kwenye aina hii ya pili ndipo jaribio la soketi linaposaidia. Zima gari, toa kalio la siti ya nyuma. Kwenye magari mengi ya Kijapani utakuta kifuniko cha bati kilichoshikwa na skrubu au gundi nyeusi, na chini yake soketi ya pampu na floti. Usihangaike hapo kama ni Honda Fit, tanki lake liko chini ya siti za mbele. Fungua milango, zima sigara, na simu iwe mfukoni. Umekaa juu ya mvuke wa petroli.

Chomoa soketi, washa swichi bila kupiga stata. Mshale utalala kwenye E. Sasa unganisha pini ya floti na pini ya bodi upande wa soketi inayotoka kwenye gari. Usiunganishe na waya mtupu, pitisha kwenye balbu ndogo ya wati 3.4 kwa Toyota za zamani, au rezista ya omu 15 hivi kwa zile zenye dashibodi ya kielektroniki. Uhakikishe ni pini gani, kwa sababu hapo hapo pana waya za pampu zenye umeme wa kutosha kukuletea balaa. Mshale ukipanda taratibu kuelekea F, dashibodi ni nzima na waya ni mzima. Kosa liko ndani ya tanki. Usiposogea, tanki halina kosa, na pampu uliyotaka kununua ibaki dukani.

Usiposogea, anza na bodi. Chukua waya, pini ya bodi iunganishe moja kwa moja na chuma safi cha bodi ya gari, rudia jaribio. Mshale ukipanda, umelipata: bolti ya bodi imekula kutu, kwa kawaida chini ya zulia au nyuma pembeni. Safisha mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Hili nakutana nalo sana baada ya mvua za masika, kwenye magari yanayotembea barabara za udongo halafu yakapelekwa kuoshwa chini kwa presha. Yale maji yanasukumwa ndani ya kila soketi, tope linabaki humo, mwezi unaofuata kijani kinaota kwenye pini. Kuosha gari ni vizuri, ila presha ya kuchubua rangi chini ya tanki sijawahi kuona faida yake.

Mashine ya kusoma makosa? Ikikuonyesha P0462 au P0463, sawa, umeambiwa saketi ya kipimo cha mafuta ina tatizo, na wewe ulikuwa unajua. Na magari mengi ya Kijapani ya miaka ya nyuma floti yake inaishia kwenye dashibodi, haifiki kwenye kompyuta ya injini, kwa hiyo mashine inasema kila kitu safi. Usilipe mara mbili kusikia hivyo.

Kosa likiwa ndani ya tanki, toa floti uiangalie. Boya lililopasuka linaingiza petroli na kuzama. Litikise, ukisikia kitu kinacheza ndani, limekufa. Mkono uliopinda mara nyingi ni tanki lililobonyezwa na jiwe kwa chini, kwa hiyo angalia tumbo la tanki kabla ya kuunyoosha. Kinachoharibika zaidi ni kile kibao. Weka mita kwenye omu, inua boya polepole kutoka chini hadi juu. Namba inatakiwa ishuke bila kuruka. Ikifika mahali ikaruka na kuonyesha njia imekatika, halafu ikarudi, umeona ugonjwa: pale ndipo mshale unapoanguka ghafla na taa kuwaka ukiwa na robo. Na mahali hapo karibu kila mara ni nusu ya chini, kwa sababu ya ile ya elfu kumi kila siku. Vidole vinasugua sehemu ile ile miaka yote, huku juu kibao kinang'aa kama kipya.

Mafuta yenyewe nayo yana mchango. Salfa ikizidi hushambulia sehemu zenye fedha kwenye vipimo hivi na kuzitia weusi. Mwaka 2004 huko kusini mwa Marekani, Florida ikiwemo, petroli yenye salfa iliyozidi iliharibu geji za magari mengi kwa mkupuo. Weusi mwepesi unafutika kwa spiriti na kitambaa laini. Msasa usiuguse. Kibao kilicholika mtaro, vidole vinaweza kusogezwa pembeni kidogo vipite njia mpya, ila huo ni ujanja wa kusubiria spea. Na spea ni floti peke yake, kwenye magari mengi inachomoka kwenye pampu. Muuzaji akisema haiuzwi bila pampu, nenda duka la pili.

Kuna kosa la kinyume, na ndilo naliogopa zaidi: taa haiwaki na gari linazima. Subaru Forester na mengi yanayovuta kwa matairi yote manne yana tanki lenye migongo miwili, kwa sababu shafti inapita katikati. Pampu iko upande mmoja. Upande wa pili kuna kifyonzaji kidogo kinachoyahamisha mafuta, na kila upande una floti yake. Kifyonzaji kikiziba, pampu inakauka huku ng'ambo bado zimo lita za kutosha, na mshale unajumlisha pande zote mbili. Dereva anaona robo, gari limekufa Kikatiti, njiani kwenda Moshi. Ukiwa na gari hilo, fungua vifuniko vyote viwili.

Land Cruiser za watalii zenye tanki mbili za dizeli zina lao pia. Swichi ya kubadilisha tanki inageuza vali inayoongoza dizeli inayokwenda na inayorudi. Vali ikikwama nusu, injini inavuta tanki hili na kurudishia lile, mshale unashuka mbio na taa inawaka mapema. Madereva wanadhani wameibiwa mafuta. Dizeli ikiisha kabisa, kuongeza hakutoshi, lazima utoe hewa kwa kupampu kwa mkono kwenye filta.

Ukirudisha floti ya petroli, weka gasketi mpya. Ya zamani ikishatoka inavimba na hairudi kwenye mfereji wake. Washa swichi mara mbili tatu pampu ijaze laini, nusa, papasa kuzunguka kifuniko kama pana unyevu, kisha ndipo urudishe siti. Mshale usipopanda papo hapo usishtuke. Dashibodi nyingi zimetengenezwa ziende polepole ili mafuta yakichezacheza taa isipepese. Zima, subiri kidogo, washa tena.