Maumivu Sugu Ujanani: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

"Umri huu unaumwa nini?" Swali hili huulizwa kwa kicheko, na kijana mwenye maumivu sugu hulisikia mara nyingi hata akaanza kulijibu kwa uongo: husema amelala vibaya au ameteguka mpirani, kwa kuwa majibu ya namna hiyo hupokelewa bila maswali zaidi. Wanaouliza huamini kwamba maumivu yasiyokwisha ni ya wazee. Hata hivyo, magonjwa kadhaa yanayoleta maumivu hayo huanza mapema sana. Baridi yabisi ya watoto huanza kabla ya miaka 16, seli mundu mtu huzaliwa nayo, na kipandauso huweza kuanza utotoni. Wako pia wasichana wenye endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba zinapoota nje yake, ambao huumia tangu hedhi zao za mwanzo na kuambiwa kwamba hedhi ndivyo ilivyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu kwa watoto na vijana wa hadi miaka 19.

Dhana inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni hii: vipimo havikuonyesha kitu, basi huumwi. Eksirei huonyesha mifupa na kipimo cha damu huonyesha dalili za uvimbe au upungufu fulani, lakini hakuna kati ya hivyo kinachopima maumivu yenyewe. Wapo watu wengi ambao picha za MRI huonyesha diski za uti wa mgongo zimechakaa ilhali hawaumwi popote, na wapo wanaoumia kila siku ilhali picha zao ni safi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu kijana anaambiwa hata kunguni hawapo.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mfumo wa fahamu wenyewe umebadilika. Maumivu yakidumu, uti wa mgongo na ubongo huweza kuzoea kukuza kila taarifa inayofika, hata jambo lisilo na madhara, kama mkanda wa begi begani au uzito wa shuka miguuni, likahisiwa kama jeraha. Maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa sugu, na ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeyapa maumivu ya aina hii nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea. Ni kweli kwamba hofu, msongo na kukosa usingizi huyaongeza, na kwamba tiba ya mazungumzo huwasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini hilo halimaanishi kwamba wameyabuni.

Kisha kuna lawama ya ndugu na marafiki: jana ulikuwa unacheka na wenzako, leo huwezi kuinuka? Ndiyo, inawezekana kabisa, kwa sababu maumivu haya hupanda na kushuka. Kijana akiamka siku moja akiwa na nafuu, hufua nguo zote za wiki, husoma mpaka usiku na kutembelea kila aliyemkosa, kisha hulala siku mbili akishindwa hata kufungua kifuniko cha chupa. Wataalamu humfundisha kugawa kazi: afue nguo chache, akae dakika kadhaa, kisha aendelee, na apumzike kabla maumivu hayajamlazimisha. Ni rahisi kueleza, lakini ni vigumu mno kwa mtu wa miaka 18 kuacha kazi katikati wakati bado anajiona ana nguvu.

Ushauri wa kulala mpaka upone una nia njema, lakini kulala siku nyingi hudhoofisha misuli, hukakamaza viungo na huvuruga usingizi wa usiku. Mazoezi mepesi yanayoongezwa kidogo kidogo husaidia zaidi. Hapa pana tahadhari: kiungo kilichovimba na kupata joto, homa, kupungua uzito bila sababu, ganzi au udhaifu wa miguu, au kushindwa kuzuia mkojo ni mambo ya kumwona daktari haraka, na maumivu makali ya seli mundu si ya kufanyia mazoezi.

Dawa za kutuliza maumivu nazo zina mipaka. Mtu anayeumwa kichwa mara kwa mara akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, amitriptilini, iliyoanza kama dawa ya sonona, hutolewa kwa dozi ndogo kwa baadhi ya maumivu sugu, na kijana anayesoma karatasi ya maelezo nyumbani hudhani daktari hakumwamini.

Shuleni husemwa kwamba anatafuta visingizio. Walio wengi huficha, na wakithubutu kuomba huomba vitu vidogo: muda zaidi wa kuandika mtihani, nakala ya pili ya kitabu ili begi lipungue uzito, au ruhusa ya kusimama nyuma ya darasa kwa dakika mbili bila kuulizwa sababu mbele ya wote.